Fibroidi iliyonisumbua haikuwa ile kubwa

Ripoti ya kwanza ya altrasaundi iliandika kwamba fibroidi yangu kubwa (uvimbe unaoota kwenye kizazi, si saratani) ina sentimita 5 × 5 × 5. Ya pili, kutoka hospitali nyingine, ikaandika 6 × 4.5 × 4.5. Watu nyumbani wakashika namba ya mbele tu: imetoka 5 imefika 6, inakua! Shangazi akaniletea mitishamba, nikaipokea na kuiweka kabatini, sikutaka kumkatalia usoni.

Ukizidisha vipimo vyote vitatu, kisha ukazidisha na 0.52, unapata ujazo wake. Ya kwanza inatoa mililita 65, ya pili 63. Kwa hiyo haikuwa imekua. Lakini damu ilikuwa inanitoka kwa mabonge, pedi haimalizi saa mbili, na kupanda ngazi kunanipa kizunguzungu. Nikaenda kwa daktari wa wanawake na bahasha yangu ya ripoti, nikamuuliza jambo moja: hizi fibroidi zimekaa wapi?

Kwanza alinipima juu ya tumbo nikiwa na mkojo umenibana kweli, kwa sababu kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni na kizazi kinaonekana vizuri. Halafu akaniruhusu niende chooni (raha iliyoje), akanipima tena kupitia ukeni kwa kifaa chembamba kilichovishwa kondomu.

“Dada, hii kubwa imeota upande wa nje. Haina ugomvi na hedhi yako.”

Ila kulikuwa na kitu kidogo ndani, hakikuonekana sawasawa. Nikapangiwa kurudi baada tu ya hedhi. Siku hiyo alipitisha mrija mwembamba, akaingiza maji ya chumvi kidogo ndani ya kizazi. Maumivu yalikuwa kama ya siku ya kwanza ya hedhi, si zaidi. Kwenye skrini maji yakawa meusi, na katikati ya weusi ule kikajitokeza kinundu cha kijivu, kama sentimita 2 hivi, zaidi ya nusu yake kikiwa kimechomoza kwenye uwazi wa ndani. Huyo ndiye mchawi.

Madaktari wana mpangilio wa FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi) wa kupanga fibroidi kwa mahali zilipo, kuanzia 0 hadi 8. Namba ndogo, 0 hadi 2, ndizo zilizoingia kwenye uwazi wa kizazi, na ndizo zinazovuruga damu hasa. Yangu ndogo ilikuwa 1, ile kubwa 6. Nikameza vidonge vya madini chuma mpaka damu ikapanda, ndipo kinundu kikaondolewa kwa kamera kupitia mlango wa kizazi, tumbo halikupasuliwa.

Ile ya nje tumeiacha. Nikienda kuipima nabeba picha za zamani, nahakikisha vipimo vyote vitatu vimeandikwa, na nikiweza napimwa na mtu yuleyule.