Hesabu za darasa la pili, nimechagua vitabu hivi

Jamani wiki tatu nzima nalinganisha vitabu vya hesabu vya binti yangu, tunasomea nyumbani hapa Texas, sheria inataka hesabu zifundishwe ila kitabu unachagua mwenyewe. Saxon, aina moja ya vitabu hivyo, inarudiarudia sana, mazoezi ya nyuma yanakuja tena kila somo, kwa mtoto anayesahau haraka ni nzuri kweli. Wangu lakini akiona ukurasa umejaa namba anafunga daftari. Singapore Math, vitabu vinavyofuata mtindo wa nchi ya Singapore, wanaanza na vitu vya kushika, halafu picha, ndo namba zije, basi jana nikamwaga maharage mezani, 8 jumlisha 5, akasogeza mawili yakatimia kumi, “mama, yamebaki matatu!” Nimeagiza hiyo, na kitabu cha mwalimu msikiache, maelezo yako humo.