Siku Tulipopima Mnazi Mmoja

Tulikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mhadhiri wetu wa jiografia ya miji alitutoa darasani, tukapanda daladala hadi Posta. Kila kundi lilikuwa na futikamba na nakala ya ramani ya zamani ya Dar es Salaam. Kazi ilikuwa kutembea kutoka Kivukoni hadi Kariakoo, tukipima upana wa barabara na ukubwa wa viwanja.

Kivukoni majengo yamekaa mbalimbali chini ya miti mikubwa. Uhindini maduka yamebanana, watu wanaishi juu yake. Halafu mji unakatika ghafla: Mnazi Mmoja, uwanja mtupu.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Uwanja ule niliujua kwa bembea za Idi na juisi ya ukwaju. Mhadhiri akatusimamisha katikati yake, akaeleza kuwa miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na kwetu Kariakoo kwa Waafrika. Kanuni zao hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kila kanda. Ukiwa huna uwezo wa kujenga nyumba ya Kizungu, Uzunguni hukai, basi. Na uwanja huu ukaachwa wazi kututenga sisi na wao, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Hasira niliyoipata pale sijaimaliza hadi leo. Lakini ng'ambo tu ya uwanja, Mtaa wa Lumumba, ndiko TANU ilikozaliwa mwaka 1954, na ndiko chuo chetu kilikoanzia mwaka 1961. Hilo nililipenda mno.

Kariakoo niliwapeleka wenzangu kwa bibi mmoja jirani yetu, mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnapima mnunue?"

Tukamweleza kuwa tunasoma namna watu walivyoishi mjini.

"Sasa ukuta utawaambia nini? Niulizeni nani alilala wapi."

Tukaweka futikamba chini. Mwenzangu akachora nyumba, mimi nikaandika ndani ya kila chumba anavyotaja: Mmanyema fundi cherehani, Mzaramo muuza nazi, Mndengereko na wanawe, kuli wa bandarini na mkewe. Alikumbuka hata nani alidaiwa kodi. Adhana ya alasiri ikatukuta bado barazani, na vyumba viwili hajavifikia.

Mwaka wa tatu utafiti wangu niliufanya kwenye nyumba za mtaa ule ule, maghorofa yakiwa yameshaanza kuzimaliza.