Saba yenye mstari katikati

Nimesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka 22, kwa hiyo mwandiko haunipiti hivi hivi. Siku ya kufungua zabuni za viwanja nilikaa kiti cha mbele, miwani usoni, risiti ya fomu mkononi. Elfu hamsini, hairudishwi.

Kiwanja nilichokitaka kiko nyuma ya stendi. Tunasema "kununua", lakini kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Unacholipia ni hati ya miaka 33, 66 au 99. Ndiyo maana inauma kikipitia mlango wa nyuma.

Tulikuwa waombaji wanne. Afisa alisoma bei huku akiinua kila karatasi tuione. Ya kwanza 9,700,000. Ya pili 9,750,000. Yangu 14,200,000. Ya mwisho 14,270,000. Majina mbalimbali, ila ukiacha karatasi yangu, saba zote zilikatwa mstari katikati na mkia wake umepinda kushoto, kama ndoana. Mkono mmoja ule. Halafu nimezidiwa kwa elfu sabini tu! Bahasha yangu ilikuwa imelala ofisini siku mbili, haina namba, kwenye sanduku la kufuli moja.

Nikanyoosha mkono, nikaomba karatasi zile zilinganishwe na hoja yangu iandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti akanijibu, "Mwalimu, hapa hatusahihishi mtihani." Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka kidogo, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Siku hizi viwanja vingi vya halmashauri vinaombwa mtandaoni, kwenye mfumo wa serikali uitwao TAUSI, na vijana wananiambia mambo ya sanduku yamekwisha. Sawa. Ila mtu mwenye mashemeji watatu bado ana simu tatu. Mimi ningetaka majina ya waombaji wote na bei zao vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki nzima kabla ya barua ya toleo, ile ya kumpa mtu kiwanja, kutoka, mtaa usome. Mtaa unajua nani ni shemeji ya nani.

Mwezi uliopita nilipita nyuma ya stendi. Hakuna hata tofali moja, majani yamefika kiunoni. Kuna kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA KINAUZWA, na namba ya simu. Namba ina saba mbili. Zote zimekatwa katikati.