Nguo ya Idi na nguo ya mchezo

Lamu, Jumamosi usiku

Mavyaa, mamake mume wangu, ndiye aliyenifunza kushona, na jambo la kwanza alilonifunza lilikuwa pindo. Kanzu ya mtoto iachiwe vidole vinne chini, viwili kwenye mikono, na ubavuni, ndani ya mshono, kidole kizima kila upande. Nilikuwa bado mgeni nyumbani kwake. Nikamuuliza kitambaa chote hicho cha nini, na mtoto mwenyewe tumempima sasa hivi, futi bado iko shingoni mwangu. Akanitazama juu ya miwani yake. "Kwani takuwa ni huyu hata Mfungo Tatu?"

Hakuwa huyo. Ilipofika Mfungo Tatu, Idi ya kuchinja, tulifumua vidole viwili, tukapiga pasi, akaivaa. Mwaka uliofuata vikatoka viwili vilivyobaki. Baada ya hapo ikawa kanzu ya mdogo wake, pindo likarudishwa juu upya.

Kwa hivyo mimi humshonea yule mtoto wa mwakani, kisha nikampunguzia huyu wa leo. Kwa hesabu ya pesa jambo hili halina maana kubwa. Mtumba wa watoto ni rahisi kuliko kitambaa, na kanzu zinazoletwa kwa makatoni zinauzwa pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa bei ambayo mimi, nikihesabu kitambaa, uzi na macho yangu, siiwezi. Wanaosema wanashona nyumbani ili waokoe pesa, nadhani hawajanunua poplini hivi karibuni.

Lakini hizo za makatoni nimezifumua nyingi, maana majirani huniletea zilizopasuka. Pindo ni upana wa ukucha. Mshono wa ubavuni umekatwa karibu kabisa na uzi, hata ukitaka kuitanua huna cha kutanulia. Namwelewa mwenye kiwanda. Kidole kimoja cha kitambaa katika kila kanzu, kwa maelfu ya kanzu, ni majora mangapi hayo? Naye huyo mtoto hatamuona akirefuka. Isitoshe, hazina kikwapa.

Kikwapa lazima nikizungumzie, maana kuna watu wamevaa kanzu umri wao wote na hawajapata kukitazama. Ni kipande cha mraba, kwa mtoto si zaidi ya kiganja, kinachotiwa kwapani kwa pembe, baina ya mkono, badani, yaani kiwiliwili cha kanzu, na taharizi za ubavuni. Pembe moja inaingia kwenye mshono wa mkono, ya pili inashuka ubavuni. Mtoto akiinua mkono kile kipande kinafunguka na kanzu inabaki pale pale. Akiushusha kinajikunja chenyewe, hakionekani. Pasipo na kikwapa, mkono ukipanda kanzu nzima inaufuata, na siku atakapojivuta juu ya ukuta wa forodhani au kumdandia punda itapasuka hapo kwapani kabla ya pahala pengine popote. Kukishona kunaudhi. Pembe nne, na kila ukifika pembeni cherehani isimame, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, uinue mguu wake, ukizungushe kitambaa, uushushe, ndipo uendelee. Ukiipita pembe kwa haraka unapata kijikunjo ambacho pasi haikiondoi. Mimi hukishikiza kwa mkono kwanza, bandi fupi fupi, halafu ndio nakipeleka kwenye cherehani. Taharizi, zile pande zinazotanuka kutoka kwapani hadi chini ili mvaaji apate hatua, ni kushona moja kwa moja tu. Lisani ya kifuani na sijafu za mikono zataka uvumilivu. Kazi yenyewe ni kikwapa.

Kofia sishoni. Kofia ya vito, na vile vitundu vyake vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, inakula miezi, nami miezi sina. Wenye mikono hiyo wapo hapa mjini, na wengine ni wanaume wanaoshona barazani huku wakibishana siasa bila hata kuitazama sindano. Hiyo nimemwachia babu yao awanunulie.

Cherehani yangu ni ya mkono, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu, yaliyofutika pale mavyaa alipokuwa akiegemeza kiganja. Nimeshauriwa mara nyingi ninunue ya umeme. Wanaonishauri wananishangaza, kwa sababu umeme ukikatika huja kwangu na nguo zao. Kitinda mimba ndiye anayezungusha gurudumu, nami nabaki na mikono miwili ya kuongoza kitambaa. Amekuwa hodari, nikivuta pumzi tu anajua tunakaribia pembe. Adui ni upepo wa bahari. Iwe kaskazi iwe kusi, chumvi inaingia ndani, na sindano ukiisahau nje inashika kutu upesi. Sindano yenye kutu juu ya kitambaa cheupe cha Idi ni msiba. Zangu nazifunga kwenye kitambaa kilicholowa mafuta ya cherehani na kuzitia katika zidaka za juu ukutani, ambazo watoto hawazifikii. Namba 14 kwa poplini na leso, 11 kwa vitambaa vyepesi. Namba 16 haitoki humo ila kwa jinzi.

Ramadhani nashona baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Mafundi wa mjini wakati huo hawasemeshiki, kila nguo jibu lake ni "njoo kesho", na hiyo kesho yenyewe mara nyingine ni mwezi ushaandama.

Msichana, wa kati, humshonea magauni ya leso. Leso mpya sharti ilale kwenye maji usiku kucha kabla ya kuguswa na mkasi, kwa sababu pamba ikifuliwa inarudi, na gauni lililomfika miguuni Jumatatu Ijumaa liko magotini. Yenye nyekundu inachuja, hiyo huoga peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisha ndio unaanza kuumiza kichwa, kwa sababu ya jina. Leso ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lake limeandikwa chini ya mji, na fundi asiyejali hupitisha mkasi katikati ya neno. Mimi nalipanga lije mbele, juu ya ukingo wa gauni, lisomeke lote. Kwa hivyo mtoto inabidi achague jina, lakini mtoto huchagua rangi. Wangu alipenda moja ya zambarau yenye korosho kubwa kubwa. Jina lake: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Akaenda nalo chuoni, na mwalimu akamwambia amesikia, hatasafiria. Kiunoni natia lastiki badala ya zipu. Zipu nazo zashika kutu, na lastiki humvumilia mtoto anayekua.

Hizo ni nguo za akiba. Halafu kuna nguo za mchezo wa jukwaani, na hizo akiba hazina hata chembe.

Mwaka jana msichana huyo huyo alikuwa mnyama wa baharini katika maonyesho ya shule ya kutunza mazingira. Gamba nililishona kwa gunia la unga, nikalijaza sufi ya mto mkuukuu, na juu yake nikapanga vigae vya kahawia na manjano: vitano katikati, vinne kila upande. Babangu ni mvuvi. Alilichukua gamba, akaligeuza huku na huku, akauliza huyu ni kasa au ni ng'amba. Nikamwambia mwalimu hakusema. "Huyu ni ng'amba," akakata shauri. Vigae vya kasa hukaa ubavu kwa ubavu, na vyangu nilikuwa nimevilaza kimoja juu ya mwenziwe kama makuti ya paa. Basi mtoto akaagizwa asije akasimama mbele za watu akajiita kasa. Akasimama akasema yeye ni ng'amba, na kwamba wazee wetu walilitengeneza gamba lake vitana, na sasa imetosha. Hayo ya vitana hayakuwemo katika maneno aliyopewa.

Mwaka huu mchezo ni Liyongo, shujaa wa masimulizi yetu ya pwani.

Kifungua mimba alitaka awe Liyongo mwenyewe. Liyongo akapewa mvulana mrefu wa darasa la juu, na wangu akapewa kuwa mwana wa Liyongo, yule aliyemuua babake kwa sindano ya shaba kitovuni. Alirudi nyumbani uso umemshuka. Kisha ukaja ujumbe kwenye kundi la wazazi: watoto wavae vazi la asili.

Asili ya wakati gani? Nauliza kwa dhati. Kila shule ikisema hivyo tunaona kanzu nyeupe, kofia, na wasichana leso mbili mbili. Lakini merikani, kitambaa ambacho bibi zetu walikihesabu kuwa chao, kilikuwa kikiletwa na meli kutoka Massachusetts karne ya 19, na leso zetu za kuchapwa nazo ni za zama hizo. Liyongo anasimuliwa kuwa mtu wa kale kuliko vyote hivyo. Nilijualo ni kwamba Wareno waliofika huku katika karne ya 16 waliandika juu ya nguo za hariri zilizofumwa Pate, tena kwa kuzisifu. Na masimulizi yanamweka Pate yule mfalme aliyemhofia Liyongo. Basi watu wale wavae hariri, nikasema. Hariri sina. Nilikuwa na pazia la satini, rangi ya tende, lililopaushwa na jua upande mmoja.

Kushona nguo ya mchezo kuna raha yake, nayo ni raha ya kuvunja kila kanuni ya mavyaa. Pindo halipo. Satini ile si hariri, ni ya kiwandani, kwa hivyo kingo zake nilizipitisha juu ya mwali wa mshumaa, zikayeyuka na kushikana, hazichanuki. Mkono lazima uende kwa mwendo mmoja: ukichelewa inawaka, ukienda mbio haishiki. Bandi zangu zilikuwa ndefu kama kiungo cha kidole. Kabla ya Isha shuka ilikuwa tayari. Juu yake nikamkatia joho kutoka buibui langu la zamani.

Sindano tulimwomba fundi wa umeme. Akatupatia kipande cha waya wa shaba, tukausokota nyuzi tatu pamoja, tukapinda ncha moja ikawa tundu na nyingine nikaitia kizibo isije ikamtoboa mtoto wa watu kwelikweli. Huku tunasokota kifungua mimba akaniuliza kwa nini mwana amuue babake. Nikamwambia aliahidiwa binti wa mfalme.

"Akapewa?"

"Hakupewa. Walimkataa, akaugua, akafa."

Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshautoa utepe wa dhahabu wa mavyaa, nataka kuutia kwenye kingo za joho. Akanizuia. "Usiutie sasa, mama. Mwanzo asiwe nao. Autie akishaahidiwa. Kisha wamnyang'anye."

Nilikaa na mkasi mkononi. Mwalimu hakuliwaza hilo, na mimi sikuliwaza. Tena lilikuwa swali la kushona: utepe utiwe vipi mtoto akiwa nyuma ya pazia kwa muda mfupi tu, kisha uvuliwe mbele ya watu bila ya joho kupasuka? Tukapata njia. Joho likawa mawili, moja tupu na moja lenye utepe, nalo hilo la pili nikalipiga bandi kwa uzi mmoja mzima, kutoka pindo la kushoto, kuzunguka shingo, hadi pindo la kulia. Mwanzo wa uzi una fundo kubwa lenye shanga. Mwisho wake hauna fundo lolote. Ukiikamata shanga na kuvuta, uzi wote unafuata na utepe unaanguka wenyewe. Tulilijaribu ukumbini, kitinda mimba akiwa mfalme, akavuta kwa hasira hata akaanguka chali.

Juzi wameigiza. Liyongo alivaa fulana iliyojazwa sponji, kazi ya mama mwenzangu wa mtaa wa Langoni ambaye naona ametumia kiti kizima. Alipochomwa alipiga goti kisimani na uta wake mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji mpaka mamake alipokuja kumlilia. Hapo kwa kawaida watazamaji huanza kuondoka. Safari hii mwana alirudi kwa mfalme na joho lake la dhahabu kudai mke. Mfalme akaishika ile shanga, akavuta. Utepe ukaanguka miguuni mwake, na watoto waliokaa mbele wakapiga kelele kama wamefunga bao.

Mavyaa alikuwa safu ya pili. Nilipokwenda kumshika mkono atoke, neno lake lilikuwa moja: "Utepe ule ni wa arusi yangu. Urudi."

Umerudi, na nimeukunja mwenyewe. Kanzu ya Idi ya kifungua mimba imetundikwa ukutani, imetulia, vidole vinne vikiwa ndani. Nimeishona usiku kwa usiku na kikwapa kimelala sawasawa, na mwenyewe ameijaribu mara moja akasema ni nzuri, ahsante mama. Joho la buibui ndilo analolivaa tangu juzi, hata kwenda dukani. Sijui nichukie au nifurahi, na mpaka sasa nafanya yote mawili.

Mwalimu ameshanipigia simu. Anataka mavazi ya kundi zima kwa ajili ya mashindano, na kila mmoja awe na uzi wa kuvutwa. Nimemwambia uzi upo, na mkono wa kuzungusha gurudumu upo. Kitambaa anunue yeye.