Nilivyopata gita ya semi-holo inayovumilia ovadraivu

Hii kitu imenichukua karibu miaka miwili na hela si kidogo, kwa hiyo naiandika yote kwa yule anayetafuta semi-holo (gita ya umeme yenye tumbo wazi kiasi) na anataka kuipiga na ovadraivu, yaani sauti iliyochafuliwa kwa pedali, siyo klini, sauti safi, tu. Mimi niko Jinja hapa Uganda, nimekulia kambini ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi, na ijumaa na jumamosi bendi yetu inapiga kwenye baa moja karibu na ziwa. Tuko wanne, ngoma, besi, kinanda na mimi, tunapiga bluzi, rumba, na kadongo kamu, muziki wa gita wa Waganda, wakituomba.

Kilichonitia hamu ni ule mlio wa Larry Carlton, mpiga gita wa Marekani wanayemwita Mr. 335 kwa sababu ya gita yake, Gibson ES-335, mlio mnene unaoimba lakini ndani yake unasikia kama kuna hewa. Nikaenda Kampala na laki tisa mfukoni. Muuzaji akanitolea gita nyekundu, nyembamba, mashimo mawili ya f, pikapu mbili (vile vidude vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) za aina ya P-90, zenye koili moja moja, akaniambia kaka hii ni semi-holo, sawa na 335 kabisa. Nikaijaribu palepale kwa ampu (kikuza sauti chenye spika) ndogo, sauti ya chini, klini. Ililia tamu sana, nikalipa nikapanda taksi kurudi nyumbani nimeipakata kama mtoto.

Ijumaa tukapanda jukwaani. Solo ya kwanza nikakanyaga pedali, na gita ikaanza kunguruma yenyewe hata sijagusa uzi, nota moja nzito ya chini inapanda tu inapanda, nikaziba nyuzi zote kwa kiganja bado inanguruma, maana siyo nyuzi peke yake zilizokuwa zinatetemeka, ni tumbo lote, nilikuwa nalisikia mbavuni. Na nikirudi nyuma kidogo fidibaki, yaani huo mngurumo wa sauti ya spika kurudi kwenye gita, inapungua lakini P-90 nazo zinavuma, umeme wetu ni wa hezi 50 na pale baa hakuna waya wa ardhi wa maana, ukiongeza ovadraivu ule mvumo nao unakuzwa pamoja na muziki. Usiku ule nilimaliza pedali imezimwa na roho imeniuma kweli.

Mpiga besi wetu ni Mkongo wa Bukavu, mkubwa wetu wote kwa umri, tunamwita Mzee tu. Baada ya shoo akaichukua ile gita akailaza mapajani, akawasha tochi ya simu akaiweka kwenye shimo moja la f. Mwanga ukatokea shimo la pili. "Unaona mdogo yangu? Humu ndani hamna kitu. Hii ni ngoma, umeifunga nyuzi."

Hapo ndipo nilianza kusoma vizuri. Gibson walipotoa ES-335 mwaka 1958, ujanja wote ulikuwa katikati: ndani ya tumbo kuna gogo la mbao ya mepo linalotoka shingoni hadi kwenye kitako, pikapu na daraja linalobeba nyuzi vimekaa juu ya hilo gogo, na pembeni tu ndiyo pako wazi. Hizo pembe wazi ndizo zinakupa hewa, gogo ndilo linazuia mbao ya juu isitetemeke ovyo spika ikiipigia kelele. Sasa Casino, gita ya chapa ya Epiphone, ilikuja 1961, ukiiweka pembeni ya 335 kwa mbali ni kama mapacha, lakini yenyewe haina gogo, ni tumbo tupu. Ni gita nzuri sana kwa kazi yake, na kuna watu wanaipenda hata ikiwa chafu kidogo, ila ukiichukua ukidhani ni 335 umepotea. Yangu ilikuwa ya aina hiyo ya tumbo tupu.

Nilijaribu kuiokoa. B.B. King, yule mpiga bluzi wa Marekani, alikuwa anajaza vitambaa kwenye mashimo ya f ya gita yake kuzuia fidibaki, na Gibson walipomtengenezea gita yenye jina la gita zake, Lucille, mwaka 1980 waliyaacha kabisa mashimo, mbao ya juu imezibwa. Basi nikakata sponji ya godoro kuukuu, vipande viwili kwa umbo la f, nikabana. Ilisaidia, sikatai, niliweza kuongeza gein (kiasi cha kuchafua sauti) kidogo kuliko mwanzo, lakini kwa sauti ya baa bado haikutosha. Mwisho nikamuuzia kijana mmoja anayepiga kanisani, nikamweleza ukweli wote kwamba ovadraivu haiwezi, yeye anapiga klini tu, hadi leo anaifurahia. Mimi nilipoteza laki moja na nusu.

Mara ya pili sikwenda kama mtoto. Nilibeba pedali yangu na waya wangu, na kila mahali nilisema mapema kwamba nitapiga kwa sauti kubwa kwa dakika mbili, asiyekubali basi. Kwanza namulika kwa tochi: semi-holo ya kweli mwanga unagonga ukuta wa mbao humo ndani, hautokei ng'ambo. Halafu nagonga kwa kifundo cha kidole kati ya pikapu mbili, ikijibu "ko" fupi kuna gogo, ikijibu "buu" ni tupu. Halafu ndiyo mtihani wenyewe, nasimama kama mita moja kutoka kwenye ampu, gita inaitazama spika, volyumu yote, ovadraivu imewaka, naachia nyuzi nasikiliza. Gita ikingojea nipige ndipo ilie, hiyo naitaka. Ikianza yenyewe hapohapo naishukuru naiacha. Dukani watu wanakujaribishia gita kwa sauti ya chumba cha kulala, na kwa kazi hii sauti hiyo haikuambii kitu.

Na usiogope ukiambiwa mbao ya juu ni plaiwudi. Hata 335 yenyewe ni ya tabaka zilizogundishwa, ni ngumu zaidi, haiitiki haraka kama mbao moja nyembamba, na kwa ovadraivu ugumu huo ndio tunautafuta.

Nilijaribu tatu, nikachukua Epiphone Dot ya mkononi, milioni moja na laki sita, ina gogo, ina hambaka mbili. Hambaka ni koili mbili zilizopangwa kinyume hadi mvumo wa umeme unajifuta, Seth Lover wa Gibson aliibuni 1955, na kwa baa zetu zenye waya wa ajabu namshukuru kila wiki.

Lakini siku ya kwanza pikapu ya shingoni na ovadraivu ilikuwa matope, nota hazijitengi. Nilishusha ile pikapu kwa bisibisi, upande wa nyuzi nene zaidi, robo raundi kwa robo raundi huku napiga, ya darajani nikaipandisha kidogo. Pedali yangu ni aina ya Tube Screamer, hiyo inapunguza besi kabla ya kuchafua sauti na inasukuma katikati, kama hezi 720 hivi, na ndicho semi-holo inachohitaji maana besi inayo tayari ya kutosha. Gein naiweka chini, leveli (ukubwa wa sauti inayotoka kwenye pedali) juu, ampu yenyewe ichafuke kidogo, na volyumu ya gita inakaa saba, solo ikifika naifungua. Nikiweka gein yote kwenye pedali ile hewa inapotea, unabaki na mlio ambao gita yoyote ingetoa.

Kitu kimoja cha kuangalia, kwa hizi gita tundu la kuchomekea waya liko usoni, nati ikilegea tundu linazama tumboni. Mimi sikuikaza miezi mingi, likazama. Hakuna kifuniko nyuma, kila kitu kinaingia na kutoka kwa shimo la f. Fundi mmoja Katwe alifunga uzi wa kushonea kwenye kila potenshometa (kile kidude chini ya kitufe cha volyumu au toni) kabla ya kuitoa, akalehemu upya, kisha akavuta uzi mmoja mmoja hadi kila shina likachomoza kwenye tundu lake. Nilikaa pale karibu saa tatu namtazama, hakukosea hata moja.

Jumamosi iliyopita kwenye solo ya mwisho nilishika G kwenye uzi wa pili nikasogea hatua mbili kuelekea ampu. Nota ikajaa, ikakaa, ikageuka taratibu kuwa fidibaki ya juu, ile tamu, nikageuza bega ikanyamaza. Mzee alikuwa ananitazama kutoka upande wa besi. "Acha ilie tena," akasema, nikarudi kwenye ampu.