Leo sitaki, mwanangu

Jana mwanangu aliniuliza, "Mama, mbona babu akimimina chai anatia kidole kikombeni?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Kidole humwambia babu yake chai imefika wapi.

Ilikuwa mwaka 2010. Mwezi wa Aprili redio ilitangaza habari za Kabale, huku kwetu Uganda, makumi ya watu kufa kwa waragi, pombe yetu kali, uliotiwa methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Sisi tulikuwa Jinja, karibu na kambi, Kabale tukaiona mbali. Miezi michache baadaye, Jumamosi jioni, Baba alikunywa waragi wa jerikani kama kawaida yake, akalala, akaamka mzima. Jumapili alasiri ndipo alipoanza kutapika na kuhema kama aliyepanda mlima mbio. Akaniambia, "Mwanangu, fungua dirisha, ukungu umejaa humu." Dirisha lilikuwa wazi, na jua lilikuwa kali.

Ya bodaboda na foleni ya hospitali nayaruka.

Daktari alimmulika machoni, akauliza amekunywa nini na tangu lini, kisha akanigeukia. "Binti, kimbia dukani. Leta waragi wa kiwandani, chupa ambayo haijafunguliwa. Na juisi." Nilidhani nimesikia vibaya. Tangu nina miaka kumi nilikuwa namwaga waragi wa Baba chooni, na nilipigwa kwa hilo. Akanieleza upesi upesi: ini ndilo linaloigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu mshipa wa fahamu wa macho. Likipewa pombe ya kawaida, ini hushughulika na hiyo kwanza, methanoli ikapata nafasi ya kutoka mwilini. Dawa nyingine ipo, lakini pale haikuwepo.

Nikarudi na chupa. Nesi akapima, akachanganya na juisi ya nanasi kwenye kikombe cha plastiki cha kijani, akanipa mimi ninyweshe kwa kuwa Baba aliitambua sauti yangu. Nilimwinua kichwa. Kilikuwa kizito, jasho limelowesha shuka. Kikombe kilipomkaribia mdomoni akainusa ile harufu, akageuza uso ukutani.

"Leo sitaki, mwanangu. Nimeacha."

Miaka saba nilikuwa nimemwomba Mungu niyasikie maneno hayo kinywani mwake. Mkono ulinitetemeka, juisi ikamwagikia kifuani pake. Nikasema, "Baba, kunywa. Tafadhali, Baba, kunywa." Akafungua mdomo kama mtoto. Tukafanya hivyo kila saa mpaka kukakucha.

Alipona, macho hayakupona.

Alikaa miezi miwili bila kugusa pombe, kisha akarudia. Siku nilipompokonya chupa aliushika mkono wangu, akaupapasa vidole kimoja kimoja, akasema bila hasira, "Si ni mkono huu huu?"

Nikaiachia chupa. Mama hajanisamehe kwa hilo mpaka leo, na sijui kama anakosea.