Maharagwe mawili yalivyonifungulia fumbo la kwasa

Muhula mzima niliambiwa nikariri tu fomula ya kasi inayoonekana ya vipande vya kwasa, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa kupita kiasi. Nilipouliza sababu yake, mhadhiri wetu alisema haiji kwenye mtihani, akafuta ubao. Mimi nililala na fumbo hilo. Mwaka 1971 darubini mbili za redio za Marekani, zikifanya kazi kama moja, zilionyesha sehemu za kwasa 3C 279 zikiachana kwa kasi inayozidi ya mwanga. Na hakuna kinachoupita mwanga! Mwanafizikia wa anga Martin Rees alikuwa ameshatabiri tangu 1966 kwamba tutaona hivyo. Aliliona wapi?

Nilishuku kwamba ujumbe wa kitu kinachonijia hunifikia ukiwa umebanana, lakini jaribio langu la kwanza lilifeli. Hapa mtaani Umoja nilimpandisha mdogo wangu kwenye boda, dereva aje moja kwa moja kwangu akipiga honi kila sekunde tano, nami nimekodolea saa macho. Honi zikafika vilevile, tano, tano, tano. Siku mbili nilikosa raha, kisha nikang'amua: sauti huenda mita kama 340 kwa sekunde, boda haikufika hata 20. Ilibidi kitu kikaribie kwenda mbio sawa na ujumbe kinaoutuma.

Nikachukua maharagwe na utepe wa mama wa kushonea, nikakaa sakafuni. Sentimita 10 ziwe mwaka wa mwanga, yaani umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka. Bonge la elektroni, zinazotoa mawimbi ya redio kwa kuzunguka kwenye uga wa sumaku, linarushwa kutoka kando ya shimo jeusi kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, likinijia kwa mshazari wa digrii 8. Linapoondoka linatoa mwanga wa kwanza; baada ya miaka 10, mwanga huo umetembea sentimita 100. Bonge limenisogelea 98, na kando karibu 14. Hapo linatoa mwanga wa pili.

Haragwe moja hapa kwa mwanga wa kwanza, jingine pale kwa wa pili: kuja kwangu, wa pili uko nyuma sentimita mbili tu! Miaka kumi ya bonge inanifikia imekunjwa kuwa miezi miwili na ushee, na katika miezi hiyo naliona limesogea kando miaka ya mwanga 1.4. Gawanya 1.4 kwa miaka 0.2, unapata mara 7 ya kasi ya mwanga.

Nilipiga ukelele, mama akatoka jikoni mbio.

Usikubali fomula kabla hujaipanga sakafuni. Usiku ule niliugeuza mshazari: digrii 30, mara tatu na nusu, digrii 90, 0.99 kamili. Bonge likipita ubavuni, ajabu yote inatoweka.